Valvu ya Mzee Methuselah

Redio ya Aidah ilianza kwa kukohoa. Haikukwaruza kama redio nyingine zinapotafuta stesheni. Ilikohoa kizee, ikameza mate, kisha msomaji wa habari akaendelea.

Mumewe, fundi Edris, alicheka. Yeye ndiye aliyeifungua mchana ule katika kibanda chake sokoni Busia, ili aiongezee sauti. Ilikuwa redio kuukuu ya valvu, vile vitaa vya kioo vinavyowaka ndani, na miaka hiyo ya sabini watu walikuwa wamekimbilia redio ndogo za betri, spea zimeadimika. Kwa bahati Callistus wa Nangina alikuwa amemletea redio mbovu ya mjomba wake, marehemu Mzee Methuselah.

"Mzee tumezika juzi tu, na nywele hatujanyoa," Callistus alisema. "Toa spea haraka, boss, nirudishe kabla mjane wake hajajua."

Pande hizo kila mtu anajua: kabla wafiwa hawajanyolewa, kitu cha marehemu hakivuki lango. Edris alijua pia, ila alijiambia valvu ni kichupa tu. Miguu ya valvu hiyo haikulingana na matundu ya redio ya Aidah, akaipinda kwa koleo na kuilazimisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Edris yeye alikata miguu ya kitanda.

Jioni iliyofuata muziki ulikatika. Sauti ya mzee ikauliza polepole, "Nani amechukua kitu changu?"

Aidah alikuwa anamenya ndizi, akadhani ni mchezo wa redio. "Ni mimi hapa, Aidah!" akajibu akicheka. "Kuja uchukue!"

Redio ikanyamaza. Chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi.

Magharibi ya kesho yake ikasema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha Aidah, mke wa fundi Edris wa Busia..." Ikakatika hapo.

"Edris," Aidah alinong'ona, "hiyo si jina yangu?"

Edris aling'oa waya ukutani na kuifunika redio kwa kanga. Haikusaidia, kwa maana jua lilipotua tena, huku Edris akisoma Ayatul Kursi, redio isiyo na umeme iliwaka chini ya kanga, harufu ya udongo ikawakaba, na tangazo likaendelea pale lilipoachia, likawataja wazazi wa Aidah, likamtaja dada yake Shamsa wa Malaba, likasema marehemu aliugua ghafla, na Aidah, aliyeamka mzima asubuhi ile, akaanza kutetemeka kwa homa huku ameshika mkono wa mumewe.

"Imebaki siku ya mazishi tu," alisema. "Ikisema hiyo, mimi nimeenda."

Kulipopambazuka Edris alichomoa valvu, akamwacha mkewe na jirani, akashika njia ya Nangina. Alimkuta mjane wa mzee, Mama Zilpa, ameketi mlangoni, nywele zake bado hazijanyolewa. Alimweleza yote bila kuficha.

"Huyu Callistus ataniua," mama alisema, akampeleka kaburini. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe ni nani alichukua. Na usimdanganye, alikuwa mzee wa kanisa."

Edris alipiga magoti, akaifukia valvu kwenye udongo uliokuwa bado laini.

"Mzee, Aidah hana makosa. Alikuwa anacheza tu. Mwenye kuchukua ni mimi, Edris."

Harufu ya udongo iliyomfuata tangu Busia ikakatika papo hapo. Mama Zilpa akashusha pumzi na kumwambia aende nyumbani.

Alifika jua likizama. Aidah alikuwa jikoni, homa imekwisha, anapuliza moto na kulalamika kuni ni mbichi. Edris alimkumbatia mbele ya jirani na kulia bila haya.

Ndipo mle chumbani, ndani ya redio iliyofunguliwa mgongo, tundu la valvu likiwa tupu, mzee akakohoa.

"Tunasahihisha tangazo letu la jana. Marehemu si Aidah. Marehemu ni mumewe, Edris. Mazishi ni kesho, baada ya sala ya adhuhuri."