Njiwa Aliyeshiba

Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikazima kabisa. Wendell Haskett akasikia upepo ukipiga mluzi kwenye nyaya za mabawa, sauti ambayo rubani yeyote wa eropleni za majini hataki kuisikia akiwa mbali na pwani.

"Kuna nini, afande?" Gus Tolliver alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma.

"Fundi ni wewe, halafu unaniuliza mimi?"

"Basi ni maji! Maji yameingia kwenye petroli! Si nilisema? Mapipa yananyeshewa pale nje kila siku ya Mungu, nikasema, watu wakacheka!"

Kusema alisema. Lakini nani angemsikiliza? Kambi yenyewe ilikuwa ya muda tu, imesimamishwa harakaharaka kwenye tope la pwani ya Bretanya, Ufaransa, na mabaharia wa Kimarekani waliovuka bahari kuja kupigana Vita Kuu ya Kwanza kwenye nchi ya watu. Kuta za mabweni zilikuwa mbao za makreti, yale masanduku makubwa yaliyobebea eropleni. Paa la ghala la petroli lilikuwa bado melini, au lilikuwa limeshazama, hakuna aliyejua. Kila kitu kingekuja wiki ijayo. Nyambizi za Wajerumani hazikuwa na wiki ijayo. Zilikuwa zikizamisha meli za chakula karibu na mlango wa ghuba, na eropleni zenye matumbo kama mashua zilitumwa kuzisaka, kuwe na paa au kusiwe na paa.

Haskett aliielekeza pua kwenye upepo na kuishusha. Wimbi la kwanza likawarusha juu, la pili likavunja bawa dogo la kushoto. Waya mmoja ukakatika, ukachapa nyuma. Tolliver alitoa mlio mfupi.

Haskett alipogeuka, paja la fundi lilikuwa limepasuka mpaka mfupa unaonekana. Alipanda juu ya tangi akamfikia, akavua mkanda wa suruali yake, akaukaza juu ya jeraha kwa nguvu zake zote. Damu ikapungua. Haikukata.

"Usiniangalie hivyo," Tolliver alisema, midomo imekuwa myeupe. "Angalia kapu."

Kapu la njiwa lilikuwa chini, ndani ya maji. Eropleni za siku zile hazikuwa na simu ya upepo. Zilibeba njiwa wawili, na njiwa ndio waliokuwa simu. Mmoja alikuwa amekufa maji, manyoya yamegandamana. Wa pili alikuwa hai, amejibana juu kabisa, macho yamemtoka. Alikuwa Mabel.

"Mungu mkubwa," Haskett alisema. "Gus, Mabel mzima!"

"Basi mwandikie. Mwambie Prewitt wa njiwa atuletee mashua na daktari. Na sigara."

Haskett aliandika tarehe na mahali walipo kwa kadiri ya dira na saa yake, akaongeza kwamba fundi anavuja damu, akafunga kikaratasi mguuni mwa njiwa. Akamtupa juu. Mabel akapiga mbawa, akazunguka mara moja, mara ya pili, kisha akashuka polepole akatua juu ya bawa kubwa. Akaanza kujichambua manyoya.

Walimtazama. Mawimbi yaliwainua, yakawashusha.

"Anangoja nini?" Tolliver aliuliza.

Haskett aliangalia viganja vyake.

"Afande. Nakuuliza, anangoja nini yule?"

"Ameshiba," Haskett alisema.

Hapo ndipo Tolliver alipoelewa, na mimi nakwambia, kuna matusi ambayo karatasi haiwezi kuyabeba. Prewitt, mlezi wa njiwa, alikuwa na sheria moja tu kambini: njiwa wa zamu halishwi asubuhi. Njiwa mwenye njaa hukimbilia nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko kwenye mahindi. Mwenye kushiba hana haraka na mtu. Lakini wale walikuwa vijana wa mashambani, wametupwa kwenye tope na mvua, hawana ng'ombe wa kumkuna wala mbwa wa kumwita. Walikuwa wamewageuza njiwa kuwa wanyama wa nyumbani. Waliwapa majina, waliwabeba vifuani. Prewitt alifoka mpaka akachoka. Na asubuhi ile Haskett, mtoto wa mkulima wa Aiowa kule Marekani, alikuwa amemlisha Mabel mahindi na biskuti kiganjani, kwa sababu kulikuwa na baridi na alimwonea huruma.

"Huruma!" Tolliver alisema. "Mimi je, hunionei?"

"Samahani, Gus."

"Samahani kaifunge kidondani."

Upepo ulikuwa ukiwasukuma kusini, nje zaidi. Haskett alifunga ndoo kwenye kamba akaitupa majini, ili izuie pua isigeuke ubavu kwa mawimbi. Kisha akaanza kuteka maji kwa kofia yake ya ngozi. Aliteka mpaka vidole vikakosa hisia. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye chupa moja tu, na zaidi ya nusu alipewa Tolliver. Yalipokwisha, alifungua koki ya maji ya kupozea injini. Yalitoka mekundu kwa kutu, yana ladha ya grisi. Wakayanywa.

Tatizo lilikuwa biskuti. Zilikuwepo, ngumu kama vigae, kwenye mkebe wa bati. Haskett alipovunja ya kwanza, Mabel alisikia. Akashuka kutoka kwenye bawa, akatua gotini kwake, akanyoosha shingo.

"Ficha!" Tolliver alifoka. "Akiokota hata chembe moja tumekwisha!"

Haskett akaifunika kwa mikono miwili. Njiwa akamdonoa vidole taratibu, kama alivyozoea. Jamani, ilimuuma moyo. Akauchukua mkebe wote wa biskuti, akautupa baharini, ukazama.

Tolliver alikodoa macho. "Umefanya nini?"

"Tukila mbele yake atabaki. Lazima aone kwamba huku hakuna kitu."

"Na sisi?"

"Sisi tutashinda njaa pamoja naye."

Tolliver alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Afande, kama nikipona, nitakufungulia mashtaka ya uendawazimu."

Siku iliyofuata ilikuja na anga la kijivu. Paja la Tolliver lilikuwa limevimba likajaa mguu wa suruali, na lilikuwa limeanza kunuka. Kila Haskett alipolegeza mkanda kidogo ili damu ipite, jeraha lilifumka. Alipoukaza, unyayo uligeuka rangi ya ini. Hakukuwa na njia ya tatu. Tolliver aliacha kutukana, na hilo lilimtisha Haskett kuliko mawimbi.

"Mchinje," Tolliver alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Tunywe damu yake. Tule hata nyama mbichi."

"Akifa, hakuna atakayejua tuko wapi."

"Hata sasa hakuna anayejua! Si amekaa pale!"

Ni kweli, alikuwa amekaa pale. Haskett akainuka akiyumba, akachukua spana akaligonga bawa. "Nenda!" Mabel akaruka, akazunguka, akarudi. Haskett akamrushia maji ya chumvi kwa kofia. Akamwita kila jina chafu alilolijua na mengine aliyoyabuni. "Nenda, mlafi wewe, nenda, huku hatukutaki!" Kila mara njiwa aliinuka, na kila mara alirudi kwa mtu aliyemlea. Mwishoni Haskett akampiga kwa kofia, kipigo cha kweli, manyoya mawili yakadondoka majini. Mabel akahamia ncha ya mbali ya bawa. Toka hapo hakumkaribia tena.

Haskett akakaa, akalia kama mtoto, na Tolliver akamwacha alie.

Walivuka usiku mwingine wakiwa wamekumbatiana kwa baridi. Kulipopambazuka, Mabel alikuwa amesimama kwa miguu miwili iliyokaza, shingo juu, anageuza kichwa huku na huku. Hakujichambua manyoya. Akaruka. Akazunguka juu yao kwa upana, kisha akanyoosha mstari kuelekea mashariki, chini karibu na mawimbi, mpaka hawakumwona.

"Ameona njaa," Haskett alisema.

Tolliver hakufumbua macho. "Wote tumeiona," alisema.

Meli ndogo ya doria iliwakuta siku hiyohiyo jua likielekea magharibi, baada ya kuhangaika kusini mwa mahali palipoandikwa. Mabaharia wakamshusha Tolliver kwenye machela. Alikuwa amewaka homa, anazungumza na mtu asiyekuwepo kuhusu tairi za baiskeli. Daktari akafunua paja, akalifunika tena upesi.

Ofisa wa meli, mtu mzima mwenye masharubu yaliyolowa, akachuchumaa kando yao. "Njiwa wenu ameingia bandani asubuhi hii. Karatasi inasema mlianguka juzi. Mlichelewa kumwachia, au vipi?"

Haskett akafungua mdomo. Mkono wa Tolliver ukamshika kifundo cha mkono, ukabana. Haskett hakujua kama bado una nguvu zile.

"Ukungu, bwana," Tolliver alisema, wazi kabisa, kama mtu mwenye afya. "Ukungu mzito mno. Tulimwachia, akakataa kuruka. Njiwa haoni kwenye ukungu."

"Ukungu," ofisa alisema, akainuka. "Poleni sana."

Tolliver alimtazama Haskett. "Sema asante, afande," alimnong'oneza.

"Asante, Gus."

Mkono ukalegea. Alikata roho kabla hawajaona mnara wa bandari, na mabaharia wakavua kofia zao kwenye mvua.

Walimzika kijijini, nyuma ya kanisa la Wafaransa, kwa jeneza la mbao za kreti kama kila kitu cha kambi ile. Haskett alirudi kuruka baada ya majuma machache. Alikuwa mtu mwingine, mkali, hana mzaha. Kabla ya kila zamu alisimama mlangoni mwa banda la njiwa na kuwapekua marubani mifuko, mmoja mmoja, maofisa kwa makuruta. Akikuta kipande cha mkate, hata kama ni cha mtu mwenyewe kula angani, alikitupa topeni na kukikanyaga. Vijana waliokuja nyuma hawakujua kisa chochote. Waliona tu ofisa anayewanyima ndege wadogo chembe ya mkate kwenye baridi ile. Wakamwita Mchoyo. Walimwita hivyo mbele yake na nyuma yake, mpaka vita vikaisha na kambi ikang'olewa, naye hakumsahihisha hata mmoja.