Jiwe la Kubangulia Korosho

Jumamosi ni siku ya korosho. Pale Kitomanga, Naima akishafagia uwanja na kuchota maji ndoo mbili, anawasha moto nyuma ya nyumba, anaweka bati lenye matundu na kukaanga korosho mpaka moshi unamtoa machozi. Halafu anabangua. Na kwenye kubangua hakuna mtoto wa kumfikia, kwa sababu Naima ana jiwe.

Jiwe lenyewe ni la zege, juu bapa. Katikati lina chuma kilichodidimia kidogo, pakawa na kishimo. Korosho inakaa mle kama yai kwenye kiota. Unagonga mara moja tu, paa! Punje inatoka nzima. Juu yake paliandikwa herufi na namba, lakini nani alijali?

"Hili jiwe umelitoa wapi?" mama yake, Sauda, aliwahi kumuuliza.

"Nimeliokota, mama."

Uongo. Alilichimbua kwa jembe msimu uliopita, kwenye kiwanja cha Mzee Cletus.

Na kiwanja hichohicho ndicho baba yake, Rehani, alitaka kukinunua wajenge. Nyumbani kwao vyumba viwili, watu sita. Naima alilala na wadogo zake watatu kitanda kimoja, na yule wa mwisho alikuwa na mateke kama punda. Kichwani mwake Naima alishajenga chumba chake, na dirisha kashaliweka.

"Tununue tu," baba alisema. "Mzee Cletus namjua toka niko mdogo. Mipaka yote kanionyesha kwa kidole."

"Kidole hakina ramani," mama akajibu. "Aje mpima kwanza."

Basi Jumamosi hiyo akaja mpima ardhi kutoka Lindi, anaitwa Nikodemu, na mashine yake ya miguu mitatu. Akawaeleza kwamba kila kona ya kiwanja kilichopimwa imefukiwa bikoni, yaani alama ya mpaka. Akazitafuta. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu ipo. Ya nne, majani matupu na mkorosho mmoja.

"Si iko kule nyuma ya mkorosho!" Mzee Cletus akasema haraka. "Mkorosho ule ni wangu."

Bibi Natalia, mwenye kiwanja cha jirani, akaruka kama kakanyaga moto. "Wako? Nimepanda mimi, nimepalilia mimi, nimepulizia salfa mimi! Wewe kazi yako kupita kuokota mabibo!"

"Mama, punguza sauti," Nikodemu akamwambia.

"Sipunguzi!" Akaenda kukaa kwenye shina la mkorosho, miguu kainyoosha. "Mkitaka, nizikeni hapahapa!"

Baba yake Naima akatikisa kichwa. "Mzee wangu, mimi naacha. Nilikuja kununua kiwanja, sikuja kununua kesi."

Chumba cha Naima kinaondoka, na dirisha lake. Akamuuliza mpima kwa sauti ndogo, "Samahani, hiyo bikoni inafananaje?"

"Jiwe la zege. Juu lina chuma na namba."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona siku ile. Lakini alimtazama Bibi Natalia pale chini, akamtazama baba yake anakunja nakala ya ramani aliyopewa na mpima, akatimua mbio nyumbani. Alirudi na jiwe kichwani, jeusi tii kwa mafuta ya korosho.

"Bikoni ninayo mimi," akasema.

Bibi Natalia akaangua kicheko. "Weee! Kumbe korosho ninazoletewa kila Jumamosi zinabanguliwa juu ya mpaka wangu!"

Baba hakucheka. "Si ulisema umeliokota?"

"Nilidanganya, baba. Nililichimbua. Lilikuwa hapa." Akaonyesha ng'ambo ya mkorosho.

"Mnaona?" Mzee Cletus akapiga makofi. "Mtoto kasema!"

"Taratibu, mzee," Nikodemu akasema. "Naima, asante kwa kusema kweli. Lakini mimi sirudishi bikoni kwa kukumbuka. Jiwe likiondoka, mpaka hauondoki. Vipimo vyake vimo kwenye ramani, na ramani iko ofisini."

Akampa Naima fimbo ndefu ya kupimia, akachungulia kwenye mashine. "Rudi nyuma. Tena. Kulia hatua moja. Simama hapo!"

Naima akajikuta upande huu wa mkorosho, kwa Mzee Cletus, hatua tatu kutoka shinani. Wakachimba. Udongo laini, vipande vya zege, na chini kabisa kipande cha jembe.

"Jembe langu!" mama akadakia. "Si uliniambia limevunjikia shambani?"

Sasa hata baba alicheka. Naima uso ukamwaka. Kumbe pale ng'ambo alipokumbuka ni kivulini, alipokaa siku ile kulijaribu jiwe kwa kubangua.

Mzee Cletus akajikuna kichwa. "Basi. Mkorosho ni wa Bibi. Kidole changu kilikuwa na tamaa."

"Mabibo uje uchukue, mtani wangu," Bibi Natalia akamwambia, anajipangusa vumbi. "Ila kuanzia leo utabisha hodi!"

Bikoni ikarudishwa, ikakazwa kwa zege jipya. Nikodemu akamwambia Naima waziwazi kwamba kung'oa bikoni ni kosa la sheria, mtu mzima anashtakiwa. Adhabu yake akaitoa baba: kila mwezi kufyeka majani kwenye bikoni zote nne. Wiki iliyofuata baba na Mzee Cletus waliandikishana mauziano ofisi ya kijiji, na Bibi Natalia akatia saini kama jirani.

Siku ya kuchimba msingi, Naima alikaa anabangua juu ya jiwe la kawaida. Korosho ikateleza, akajigonga dole gumba. "Uwiii!"

Mama akamshika mkono, akampulizia, huku anacheka. "Litapona. Lakini ulipong'oa lile jiwe, ulikaribia kuwagombanisha watu wazima na kutukosesha nyumba. Kilichotuokoa ni wewe kusema kweli na mpima kupima. Kwa hiyo shika haya, mwanangu: ardhi hainunuliwi kwa kidole, na kosa halifukiwi kwa uongo."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, bangua. Mafundi wana njaa, na wapo kwenye chumba chako."