Bi Velika na Umeme wa Mchana

Bi Velika anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano. Chumba kimoja tu ndicho chenye mtu. Vingine vina vitanda vilivyotandikwa vizuri, na hakuna anayelala humo.

Kijiji chetu kiko milimani, kusini mwa Bulgaria. Zamani kilikuwa na shule na duka la mikate. Sasa nyumba nyingi zimefungwa. Kwenye mageti zimebandikwa karatasi zenye picha za waliokufa, kama ilivyo desturi. Mvua ikizichakaza, ndugu wanabandika nyingine mwaka unaofuata. Ukipita njiani, wanaokutazama wengi ni marehemu.

Bi Velika hakosi kazi. Kila mwisho wa kiangazi anachoma pilipili hoho, anapika nyanya, anatia matango kwenye siki. Chupa zinajaa ghala la chini mpaka dari. Anaziweka kwa ajili ya binti yake Zornitsa na wajukuu. Zornitsa anaishi Ujerumani, na haji kila mwaka. Chupa za mwaka juzi bado zipo. Watu wanamtania kwa hilo. Mimi simcheki, maana hata kwangu ziko.

Mwezi wa Mei, Zornitsa alituma mafundi. Walifunga paneli za sola juu ya paa. Ukutani, karibu na mlango wa jikoni, wakafunga sanduku jeupe lenye taa ndogo ya kijani. Jioni Zornitsa akapiga simu.

"Mama, hiyo ni akiba yangu yote. Bili ya umeme inakula pensheni yako. Na baridi ikija, umeme unakatika na wewe uko peke yako huko juu. Tujaribu sola. Ikishindikana, Desemba nakuja kukuchukua. Nyumba tutaiuza."

"Niende Ujerumani nikafanye nini? Nikae dirishani?"

"Utakaa na sisi."

Bi Velika aliwapenda sana binti yake na wajukuu. Lakini nyumba hii aliijenga na mumewe, na mumewe amezikwa pale juu, nyuma ya kanisa. Hakutaka kuhama.

Mwezi wa Agosti bili ilikuja. Ilikuwa karibu ileile, kana kwamba paneli zilikuwa bado ziko dukani.

"Mama, umeme wote unaufanyia nini?" Zornitsa aliuliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Siufanyii kitu! Mchana siugusi kabisa."

"Basi tumeibiwa. Nitawatafuta mafundi. Na wewe anza kufikiria Desemba."

Siku iliyofuata Bi Velika alimwita jirani yake Penyo kunywa kahawa. Penyo alifanya kazi maisha yake yote kwenye mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Mke wake alikufa, na karatasi yenye picha yake iko getini kwao. Siku nyingine hamuoni mtu mwingine zaidi ya Bi Velika.

"Vipi vioo vyako?" Penyo alisema kabla hajakaa. "Vinafanya kazi, au vinaota jua tu kama paka?"

"Kaa chini, mzee wa makaa. Soma hii bili kwanza."

Penyo aliisoma. Akainua macho.

"Hita ya maji unaiwasha saa ngapi?"

"Usiku, umeme ukiwa rahisi. Kama watu wote."

"Na kufua?"

"Usiku. Unanijua mimi, si mvivu. Naamka, nafua, naanika, narudi kulala."

"Na mchana unatumia nini?"

"Mchana naacha sola ijaze."

"Ijaze nini?"

"Sanduku," alisema Bi Velika, akionyesha ukutani. "Naweka akiba. Hata feni sikuwasha kiangazi chote. Watoto wakija Krismasi watakuta umeme umejaa. Wataoga maji ya moto mpaka wachoke."

Penyo alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

"Velika, dada yangu, hilo sanduku si ghala la achari. Halitunzi kitu. Linapokea umeme wa paneli, linaugeuza uwe wa kutumika nyumbani, basi. Ukiutumia saa hiyohiyo, ni wako. Usipoutumia, umepotea. Na nyinyi hamkuandikishwa kuliuzia shirika la umeme ule unaobaki."

"Wa miezi yote hii?"

"Wote."

Bi Velika aliona aibu, lakini zaidi aliona uchungu. Alikuwa amekaa na joto kiangazi kizima kwa ajili ya watoto, na hapakuwa na kitu alichowawekea.

"Mbona hawakuniambia?" alisema.

"Labda walimwambia Zornitsa, na Zornitsa yuko mbali. Nani mwingine wa kukuambia? Hapa tumebaki wangapi? Njoo uone."

Walisimama mbele ya sanduku. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na namba. Penyo akawasha hita ya maji. Namba ikapanda. Wingu likapita juu ya jua, namba ikashuka. Wingu likaondoka, ikapanda tena.

"Umeona? Hii namba ndiyo umeme unaotoka kwenye paa sasa hivi. Hita inakula huu kwanza. Ukipungua, inaongezea wa shirika, na huo ndio unaoulipia. Kwa hiyo usiwashe vikubwa viwili pamoja. Asubuhi jua likishapanda, pasha maji. Yakichemka, zima, ndipo ufue. Ukimaliza kufua, pika maharage."

"Lakini umeme wa usiku ni rahisi. Mama yangu alifua usiku, na mimi nafua usiku."

"Ni rahisi kwa sababu ya watu kama mimi," alisema Penyo. "Tanuri la makaa halilali. Likishawaka huwezi kulizima usiku na kuliwasha asubuhi. Watu wakilala, umeme unabaki, basi unauzwa kwa bei ya chini. Jua si makaa. Jua linalala. Na wewe ulale usiku, ufanye kazi mchana, kama mtu."

"Na hela ya Zornitsa itarudi?"

"Itarudi pole pole, kwa umeme ambao hutaununua. Ukifua usiku, hairudi mpaka wajukuu wako wazeeke. Ukitumia mchana, labda miaka minane, labda kumi. Kama kuna aliyemwambia miaka miwili, ni mwongo."

Tangu siku hiyo Bi Velika alibadilisha maisha yake. Mwanzoni alijiona kama mwizi, kufua mchana kweupe. Usiku aliamka kwa mazoea, akakumbuka, akabaki amelala macho wazi. Usiku usio na kazi ni mrefu ukiwa peke yako. Lakini bili iliyofuata ilishuka chini ya nusu. Alimsomea Zornitsa kwenye simu mara mbili.

"Vizuri, mama," alisema Zornitsa. "Lakini huo ni umeme wa jua la vuli. Tuone baridi."

Baridi ilikuja mapema. Mwezi wa Novemba theluji nzito ilianguka, na miti ikalalia nyaya. Asubuhi mbingu zilikuwa safi, jua likawaka juu ya theluji. Bi Velika alipanda ngazi mpaka darini, akaegemea dirisha, akasukuma theluji kwenye paneli kwa ufagio mrefu. Kisha akawasha jiko lake la kuni. Jiko hilo linachemsha maji, na pampu ndogo ya umeme inayasukuma kwenye mabomba yanayopasha joto vyumba.

Ghafla umeme wa kijiji ukakatika. Taa ya kijani kwenye sanduku ikazimika. Pampu ikanyamaza. Jiko likaanza kugonga kwa ndani, maana maji yalikuwa yanachemka na hayana pa kwenda. Bi Velika alijua hatari yake. Aliyatoa makaa yote kwa koleo, akayatupa kwenye theluji. Mkono wake ukaungua.

Penyo alimkuta amekaa jikoni na koti, mkono kwenye bakuli la theluji.

"Jua lile pale," alisema Bi Velika kwa hasira. "Paneli zile pale. Umeme uko wapi?"

"Sanduku limejizima lenyewe. Limetengenezwa hivyo. Mafundi wa shirika wapo juu ya nguzo sasa hivi, wanashika nyaya. Umeme wako ukiwafuata huko, utawaua."

"Kwa hiyo siku ninayouhitaji ndiyo siku unaonikimbia."

"Bila betri, ndiyo. Sanduku lenu ni la aina inayokubali betri. Fundi akifunga betri na swichi yake, umeme wa kijiji ukikatika, nyumba yako inajitenga na nyaya za nje. Hapo paneli na betri zinakuhudumia wewe tu. Betri ndogo haitapasha maji wala kufua. Lakini pampu inakula kidogo sana. Pampu, taa mbili na simu, itakupeleka siku nzima na zaidi. Na kuni usiziache, dada. Desemba jua ni la kuonja tu."

"Bei gani?"

"Karibu leva elfu tatu."

Bi Velika aliinuka akaenda kwenye kabati. Huko, chini ya gauni jeusi na viatu vipya, ndiko alikokuwa ameweka fedha za maziko yake. Wanawake wa rika lake wote wanafanya hivyo, ili wasiwe mzigo kwa mtu. Akaziweka mezani.

Penyo alizitambua. Hakuzigusa.

"Na ukifa?"

"Nikifa mtanizika. Au mtaniacha barazani?"

"Mwombe Zornitsa."

"Zornitsa ametoa zake. Na nikimwomba atasema, mama njoo huku. Hizi nilizitunza za kunitoa kwenye nyumba hii. Afadhali zinibakishe."

Betri ilifungwa wiki ya pili baada ya hapo. Fundi alizima umeme wa nje mbele yake ili aone. Pampu iliendelea kuzunguka. Akamfundisha kitu cha kuchomeka na kitu cha kutochomeka, na Bi Velika akamfanya arudie.

Katikati ya Desemba theluji kubwa zaidi ilianguka. Umeme ukakatika wilaya nzima, na barabara ikafungwa. Siku ya pili Penyo alikuja na blanketi lake, akiwa amemshika mkono Bi Kera, kikongwe wa mtaa wa chini ambaye jiko lake linatoa moshi zaidi ya moto. Bi Velika aliwapa vile vitanda vilivyotandikwa. Nyama ya kwenye friza waliitoa wakaifukia nje kwenye theluji, ili betri ibaki kwa ajili ya pampu. Walikula maharage na kabichi chini ya taa moja. Bi Kera aliuliza kama ni sikukuu.

Simu ikalia. Ilikuwa Zornitsa.

"Mama! Nimeona kwenye habari. Kote huko ni giza. Simu yako inafanyaje kazi? Unasikia baridi?"

"Nyumba ina joto. Penyo yuko hapa, na Kera. Taa inawaka. Penyo amekula maharage yote."

"Taa inawaka? Kwa vipi?"

Bi Velika alimweleza. Alieleza vizuri, kama mtu aliyesomea: jua, betri, pampu, na kwa nini friza imezimwa. Fedha zilitoka wapi hakusema. Zornitsa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Mama, nilikuwa nimeshakata tiketi. Ijumaa nilikuwa nakuja kukuchukua."

"Usije kunichukua. Nimekuambia niko salama."

"Basi nashukuru Mungu," alisema Zornitsa, na sauti yake ikawa nyepesi. "Tiketi nitairudisha. Watoto wana shule, na mimi kazini wananisumbua. Tutakuja kiangazi, mama. Au kiangazi kile kingine, tutaona."

Bi Velika alitazama mezani. Penyo alikuwa anajifanya hasikii. Tangu Mei alikuwa akipigania kubaki, na sasa amebaki. Alijua jibu analolitoa siku zote. Haya, mwanangu, usijali, kazi kwanza. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Zornitsa," alisema. "Nimesema usije kunichukua. Sikusema usije."

Bi Kera akaacha kutafuna.

"Nitakupigia, mama," Zornitsa alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja nizungumze na watoto. Nitakupigia leo leo."

Bi Velika aliitazama simu. Ilikuwa karibu kuisha chaji. Akamwambia Penyo azime taa ya jikoni, wabaki na moto wa jiko, ili betri isichoke. Kisha akaichomeka simu kwenye umeme, akavuta kiti, akakaa karibu nayo.