Ndege wa Brashi Si Rangi ya Ukutani

Mtaani kwao walimwita Brashi. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Ukitaka kujua wiki hiyo alifanya kazi kwa nani, ulitazama tu rangi iliyodondokea viatu vyake. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, kwa hiyo wateja na majirani waliingia na kutoka humo kutwa.

Siku moja Brashi alirudi nyumbani na tatuu mpya mkononi. Ilikuwa picha ya ndege mdogo mwenye mkia mrefu. Mkewe akasimamisha cherehani.

"Makubwa! Umejichora?"

"Mtazame vizuri kwanza."

Mkewe akamtazama, akamjua. Mama mkwe wake, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa akimdarizi ndege yule kwenye foronya za wanawe. Foronya ya mwisho ilichakaa mpaka ikawa tambara.

"Dada yangu anakuja kututembelea," Brashi alisema. "Mazishi hakuyawahi, unajua. Nataka amwone ndege wa mama."

Mkewe akarudi kwenye cherehani yake.

Mchoraji wa tatuu alikuwa mtu makini. Alitumia sindano mpya, na alimweleza Brashi namna ya kuutunza mkono. Lakini maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile. Miaka yote hiyo kazini, leo Brashi afundishwe habari za rangi?

Basi akamtunza ndege kama anavyotunza ukuta. Mchana alikaa juani ili rangi ikauke na kushika. Asubuhi alimfuta kwa spiriti, maana vumbi likitua kwenye rangi mbichi huiharibu. Ngozi ilipoanza kubanduka, ndiyo kwanza akafurahi. Rangi ikibanduka, fundi hukwangua magamba yote mpaka pawe laini. Akakwangua kwa kucha, zile kucha zake zenye rangi za nyumba za watu.

"Wewe, unajichuna?" mkewe aliuliza.

"Nasawazisha."

Hapakusawazika. Mkia wa ndege ulipauka pale alipokwangua. Mkono ukavimba, ukawa wa moto, na usaha ukaanza kutoka. Brashi akavaa shati la mikono mirefu, akajitia hamnazo. Lakini asubuhi moja alishindwa kunyanyua kikombe. Mkewe akamgusa paji la uso. Lilikuwa linachoma.

"Mkono huu ndio unaotulisha," mkewe alisema. Aliogopa kweli.

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani yao, nesi wa zahanati. Alikuja kuchukua gauni lake.

"Karibu, dada nesi. Gauni liko tayari, lakini mtazame kwanza shemeji yako."

Nesi alimtazama Brashi usoni, kisha akatazama shati. "Shemeji, kunja huo mkono wa shati."

Brashi akakunja, polepole. Nesi hakuugusa mkono. Alikwenda kwanza kunawa kwa sabuni, ndipo akapapasa pembeni mwa kidonda.

"Umeweka nini hapa?"

"Spiriti kidogo. Na jua."

"Na kucha," mkewe akaongeza.

"Rangi lazima ikauke, dada," Brashi alijitetea. "Hiyo si kazi yangu?"

Nesi alicheka. "Ukuta unaupaka juu, shemeji. Huyu ndege hayuko juu. Sindano imemtia ndani ya ngozi, hahitaji jua wala hakauki. Kilichoko juu ni kidonda. Ukuta ukiukwangua, unatoka damu?"

"Hautoki."

"Basi, huo ni mwili. Hayo magamba unayoyachukia ni kifuniko. Mwili umejitengenezea wenyewe, na chini yake ngozi mpya inaota. Ukiyabandua, unang'oa ngozi changa pamoja na rangi, na vijidudu vinaingia. Spiriti nayo inaiunguza hiyo ngozi changa."

"Nimpake mafuta mengi, kisha nimfunge nailoni?" mkewe aliuliza.

"Hapana, mwenzangu. Jasho litajaa humo ndani. Saa hizi usimpake kitu. Ana homa, usaha unatoka, na uvimbe unapanda. Na kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, shika usikie joto. Mambo haya si ya nyumbani tena. Twende zahanati."

"Leo nina ukuta wa kumalizia," Brashi alinong'ona.

"Ukuta utakusubiri. Usaha hausubiri mtu."

Zahanati walimsafisha na kumpa dawa. Aliambiwa azimalize zote, hata akijisikia nafuu. Njiani kurudi, Brashi aliuliza jambo moja tu.

"Mkia umekwenda?"

"Sijui," nesi alijibu. "Tuokoe mkono kwanza."

Brashi akautazama mkono wake mpaka nyumbani. Alijiona mjinga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Kabla ya kugusa kidonda, Brashi alinawa mikono. Aliosha kidonda taratibu kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua. Alikausha kwa kukandamiza kitambaa safi, si taulo ambalo kila mtu hujifutia. Usaha ulipokoma, nesi alimruhusu kupaka mafuta yasiyo na harufu.

"Kidogo," nesi alisema. "Ngozi ipumue."

Brashi akachota kidole kizima.

"Shemeji! Nimesema kidogo. Hapo unapaka ukuta mara ya pili!"

Wote watatu wakacheka. Hata Brashi.

Kidonda kilipoanza kupona, kilimwasha vibaya sana. Hapo ndipo alipata taabu. Kucha zilimtamani ndege. Mkewe alimkata kucha zote, akampa kitambaa safi chenye ubaridi cha kuwekea pale panapowasha. Kazini hakurudi mpaka kidonda kilipofunga, na hata hapo mkewe alimshonea kifuniko cha mkono cha pamba, kipana, kisichobana, cha kumkinga na vumbi na jua. Hakuloweka mkono kwenye ndoo wala beseni. Magamba yakadondoka yenyewe, kwa wakati wake.

Mkono ulipona. Ndege alibaki, ila ncha ya mkia haikurudi.

Siku dada yake alipofika, Brashi alisitasita, kisha akakunja shati. Dada alisogea. Akamwona ndege, akaziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka, na Brashi naye akalia pasipo kujificha.

"Ni yeye," dada alisema. "Ni wa mama." Akapitisha kidole juu ya mkia. "Mbona mfupi? Mama angekwambia ufumue, uanze upya."

"Nilimkwangua mwenyewe. Nilidhani ni ukuta."

Dada alicheka huku bado analia. Kisha akanyoosha mkono wake. "Na mimi nataka. Nipeleke kwa huyo mchoraji."

"Nitakupeleka," Brashi alisema, akamvutia kiti. "Lakini kwanza keti, dada, nikufundishe kumtunza. Wako nataka awe na mkia wote."