Blanketi la Mtaa wa Karabai

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya mnada, Verdiana alikwenda kufagia nyuma ya klabu ya Nashoni pale Mtaa wa Karabai, akamkuta mzee amelala chali kando ya rundo la kuni. Akamwambia aamke aende kwao, maana wazee wa mnadani kulala pale halikuwa jambo geni. Alipomgusa kwa ufagio ndipo alipojua kwamba huyo haamki tena. Hakupiga yowe. Aliuweka ufagio chini, akakimbia hadi kwa Wegesa, kwa sababu Tarime yote ya mwaka ule wa 1956 ilijua kwamba habari, iwe njema au mbaya, hupitia kwanza kwa Wegesa ndipo iende bomani.

Wegesa alikuwa mpika pombe. Nyumba yake, ng'ambo ya uwanja wa mnada, haikuwa na taa ya karabai wala meza. Ilikuwa na vigoda, chungu kikubwa cha pombe ya mtama katikati, na wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Alipenda nyumba ijae mpaka watu wakalie kizingiti. Na wageni waliokuja kuuza ng'ombe, wa Itiryo, wa Mbalibali, wa wapi, wote aliwapa onyo moja: kule kwa Nashoni, kwenye taa, msiende. Chupa moja kule bei yake mbuzi, na ukishalewa, chupa tupu zinazaana mezani.

Maiti aliitambua mara moja. Mzee Nikodemo wa Mbalibali, aliyekunywa kwenye chungu chake jana yake tu, akalicheka lile onyo na kuapa kwamba ni heri anywe mtoni pamoja na ng'ombe kuliko kwa Nashoni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Koti halikuwapo, viatu havikuwapo. Lakini blanketi lake jekundu, alilolinunua mnadani siku ileile, lilikuwa limemfunika kutoka miguuni hadi kidevuni, na kingo zake zimechomekwa chini yake pande zote mbili, kama mama anavyomfunika mtoto mwenye homa. Wegesa aliinua pembe moja, akairudisha upesi. Shuka la mzee lilikuwa limefunguka. Chini ya blanketi alikuwa uchi.

Koplo Nikolaus alifika na askari wake kabla jua halijapanda. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kuandika kila kitu. Walipopekua kuni za Nashoni, koti la marehemu likatoka chini kabisa, na viatu ndani yake. Nashoni akafungwa pingu akiwa bado na shuka la kulalia.

"Mwizi gani anachukua viatu vikuukuu, anaacha blanketi jipya?" Wegesa aliuliza.

"Mwizi mwenye haraka, mama."

"Mwenye haraka hachomeki kingo, Koplo."

Koplo alimtazama, akaandika na hilo. Kisha akalikunja blanketi alipeleke bomani, akafunika maiti kwa turubai, na kuwaonya wale wanawake wawili kwamba habari ya blanketi isitoke pale. Verdiana aliitikia kwa kichwa. Wegesa naye akaitikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alirudi nyumbani na habari akainyamazia.

Mji ulifurahi, tuseme ukweli. Nani alimpenda Nashoni? Nusu ya wazee wa Mara walikuwa wameacha ng'ombe mezani kwake. Watu walikuja kwa Wegesa kunywa na kusema kwamba atapelekwa Musoma, na kutoka Musoma atapelekwa kwenye kamba, na kamba yenyewe imechelewa.

Mchana alifika Mseti, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Wegesa alimlea tangu hajaota meno. Alisema anatoka Itiryo, alikwenda Ijumaa jioni kutazama ndama. Alipoambiwa, alikaa chini akalia, kwani Mzee Nikodemo alikuwa baba wa mkewe, Rhobi. Walipomwambia aende hospitali kuitambua maiti, alikataa. Mkwe ni mkwe, hata akiwa maiti. Wazee walimsifu, kama walivyomsifu Ijumaa. Siku ile Mzee Nikodemo alipoingia tu, Mseti alichomoa mrija wake, akainama, akatoka nje, maana mtu hanywi chungu kimoja na baba wa mkewe. Hakuna aliyeuliza alikwenda wapi. Heshima ilimfungulia mlango, na heshima ikaufunga nyuma yake.

Lile blanketi lilimkera Wegesa kama punje ya mtama kwenye jino. Alasiri akabeba kibuyu cha uji, akaenda mahabusu.

"Umekuja kunicheka," Nashoni alisema.

"Nitakucheka ukitoka. Wageni wako wanaletwa na nani? Mimi nawakataza kwa mdomo huu, na bado wanafika kwako."

Nashoni alikunywa uji kwanza. "Kumbe hujui. Mimi nilidhani mnagawana."

"Na nani?"

"Huyo anayekaa kwenye chungu chako kila mnada, akisikiliza nani kauza nini. Anayepiga kelele kukuzidi wewe kwamba kwangu watu wasije. Mgeni akishatoka kwako, anamfuata njiani. Mzee, hapa ni pa washamba, twende nikuonyeshe wanapokunywa watu wa heshima. Mimi namlipa bia, mlango wa nyuma." Alirudisha kibuyu. "Nilimwambia Koplo. Akaniambia kila mwizi ana wa kumsingizia. Mwanao yule, Wegesa. Mseti."

Wegesa hakumtukana. Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Verdiana, akamwuliza lile ambalo askari hawakumwuliza: Ijumaa, kabla hajaenda kwao, alimwona nani pale nyuma? Verdiana alisema alimwona Mzee Nikodemo, akiwa mzima, amesimama kwenye kuni. Mzee alimwuliza Verdiana kama yule kijana anayepokea chupa mlangoni huja mara nyingi. Verdiana akamjibu kwamba huja kila mnada. Mzee alikaa juu ya gogo, akajifunika blanketi lake, akasubiri.

Usiku kucha Wegesa alijitetea mbele ya nafsi yake. Kupokea bia si kuua. Na hata kama. Angenyamaza, Nashoni angenyongwa, na nani angemlilia? Lakini lile blanketi halikumwacha. Mtu baki angelichukua, au angelitupa. Aliyelichomeka alikuwa mtu ambaye uchi wa mzee yule ulikuwa haramu machoni pake.

Jumapili mchana nyumba ilijaa kuliko siku zote. Rhobi alikuwa mkekani na akina mama. Wazee walikuwa nje, na Mseti kati yao, karibu na Mzee Kornelio, rika la marehemu. Koplo Nikolaus alikaa ukutani. Wegesa alikuwa amemwomba aje, asiseme lolote.

Wegesa alisimama penye kizingiti, ndani wamsikie na nje wamsikie.

"Ninyi mnamlilia tu," alisema. "Hamjui alivyolazwa. Mzee yule aliachwa uchi. Shuka huku, yeye kule. Verdiana amemwona, mimi nimemwona, na kila aliyekwenda kuteka maji alfajiri ile amepita akamtazama, watoto nao wakicheka. Hata kitambaa juu yake hakuna."

Rhobi alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Akajifunika uso kwa khanga, akaanza kujipiga kifua, akimwita baba yake, akiuliza atazikwaje mtu aliyeonekana na watoto. Mzee Kornelio aliinamisha kichwa.

"Mama mdogo, acha," Mseti alisema.

"Niache nini? Uchi, mwanangu. Kama mbwa aliyekufa njiani."

"Si kweli." Mseti alikuwa amesimama. "Rhobi, usimsikilize, si kweli. Alifunikwa. Alifunikwa vizuri, mpaka kidevuni."

Kilio kilikatika kana kwamba mtu amekifungia mlango.

Koplo Nikolaus aliinuka taratibu. "Kwa kitu gani, bwana Mseti?"

"Kwa blanketi lake jekundu."

"Blanketi liko kwenye kabati langu tangu jana asubuhi. Wewe ulikuwa Itiryo, na maiti hukutaka kuiona. Nani alikuambia?"

Mseti alitazama watu, uso baada ya uso, akaishia kwa Wegesa. Akakaa tena kwenye kigoda.

Alisema yote, kwa sauti ya chini, akiongea na ardhi. Giza lilikuwa linaingia alipotoka mlango wa nyuma na chupa zake, akamkuta mkwewe kwenye gogo. Mzee alikataa hata kumtazama, aliongea naye kwa kumpa mgongo, kama inavyotakiwa. Alisema amekuja kufuatilia habari za vijana wa Mbalibali waliorudi kwao mikono mitupu, na sasa amejua walifikaje kwenye taa. Alisema kesho atalisema kwenye chungu, mbele ya rika lake, na Rhobi atarudi kwao.

"Ningebaki mtu wa namna gani?" Mseti aliuliza. "Alinipa mgongo. Nikachukua kuni."

Alivua koti na viatu ili ionekane ni wezi wa klabuni. Katika kuvuta, shuka likafunguka.

"Nilifumba macho," alisema. "Nikapapasa nikalitafuta lile blanketi. Sikuweza kumwacha vile. Baba wa mke wangu."

Mzee Kornelio alitema mate. "Kumuua uliweza," alisema.

Koplo alipomfunga pingu, Mseti hakupinga. Alipopita kizingitini alimwuliza Wegesa, bila hasira, kama mtoto anayeuliza njia: "Mama mdogo, ulijua?"

"Nilijua ungemfunika," Wegesa alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Rhobi alikwenda Mbalibali na maiti ya baba yake. Hakumuaga mtu yeyote. Nashoni alifunguliwa Jumatatu, na jioni ileile karabai zikawaka. Alimtumia Wegesa kreti ya bia kwa shukrani. Wegesa alizimwaga zote, chupa moja moja, mlangoni pake, na wapita njia wakasema amerukwa na akili. Wazee nao walihamisha mirija yao. Hawakumlaumu, walisema tu kwamba damu na pombe havikai nyumba moja, na waliposema hivyo walimwangalia miguu, si uso.

Mnada uliofuata, mgeni wa Morotonga alisimama uani kwake na fimbo mkononi. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa kwamba mjini hapa mgeni akitaka kunywa bila kuibiwa, akuulize wewe."

Wegesa alitazama vigoda vilivyopangwa kuzunguka chungu kikavu. Zamani angemvuta mkono, angemwuliza habari za kwao mpaka za paka.

"Ng'ombe umeshauza?"

"Nimeuza."

"Basi usimwambie mtu," alisema. "Nenda kwenu ukanywe huko."