Nani Anatutazama Mtoni?

Bi Hawa ni muosha karoti. Kila asubuhi yeye na wanawake wenzake hushuka mtoni, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Hukunja kanga hadi magotini, humwaga karoti majini, kisha huzikanyaga kwa miguu mpaka udongo utoke. Maji ya milimani ni baridi, wewe acha tu. Dawa yake ni kuimba nyimbo za Kishambaa na kutaniana. Hakuna mume asiyesemwa pale mtoni, na waume wenyewe hawana habari.

Wezi walikuwa wakiiba magunia ya karoti yanayosubiri lori. Basi siku moja alikuja fundi, akafunga kamera ya ulinzi kwenye nguzo iliyo kati ya mto na barabara. Serikali ya kijiji ilisema kamera itawakomesha wezi. Hawa alifurahi kama wengine.

Jioni moja, siku chache baadaye, mumewe, Selemani, alirudi nyumbani akicheka. Selemani ni mkulima hodari, lakini gemu ya mpira imemteka. Ikifika jioni hashikiki. Utamkuta kwenye banda la gemu la Faraji, anafungwa mabao na vijana wa kuwazaa.

"Pole, Mama Tatu," alisema. Tatu ni binti yao wa kwanza. "Leo umeteleza ukakaa majini. Banda zima tumecheka."

Hawa aliweka mwiko chini. "Nani kakwambia?"

"Nimekuona kwenye runinga. Ofisi ya kijiji haina runinga, kwa hiyo kamera imeunganishwa kwa Faraji. Tukisubiri zamu ya kucheza, anatuonyesha picha za asubuhi."

"Na kanga yangu ilikuwa wapi nilipoanguka, Baba Tatu? Hilo nalo mlilicheka?"

Selemani hakuwa amelifikiria hilo.

Habari zilienea kwa wanawake. Kesho yake hakuna aliyeimba. Waliosha karoti na kanga zao ndefu zikiwa zimelowa, kila mmoja anatazama chini. Wawili waliacha kuja kabisa. Hawa aliipenda mno kazi ile, lakini naye alianza kufikiri kuiacha.

Jirani yake, Rahabu, ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Walikutana njiani.

"Shikamoo, mama," Rahabu alisalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona siku hizi siwasikii mkiimba?"

Hawa alimweleza yote. "Kesho naipaka tope ile kamera," alimalizia.

Rahabu alicheka. "Mwizi atakushukuru sana, mama. Kamera yenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba hamkuulizwa. Sheria inalinda taarifa za mtu, na picha yako ni taarifa yako. Una haki ya kujua kwa nini unarekodiwa, nani anaona, na picha zinatunzwa mpaka lini."

"Mimi muosha karoti nikamhoji mwenyekiti wa kijiji?"

"Mhoji kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ile kamera ni ya wanakijiji wote. Viongozi wanapaswa kuwajibu mbele ya watu."

Siku ya mkutano Hawa alisimama.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba kuuliza. Kamera yetu inamtazama nani?"

"Marahaba. Inatazama wezi," alijibu Mwenyekiti Ibrahimu.

"Wezi wanaiba magunia, na magunia yako kibandani, kando ya barabara. Kamera inatazama mto. Mpaka leo imekamata miguu yetu tu."

Watu waliangua kicheko, na mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Hawa akaeleza mambo ya banda la gemu. Kicheko kikaisha.

Selemani aliinuka. "Mimi bado naona kamera inafaa. Lakini nilimcheka mke wangu mbele ya watu, na nimekosa. Gemu tucheze, mto tuwaachie wenyewe."

"Kosa ni letu viongozi," alisema mwenyekiti. "Tulipaswa kuwauliza kwanza."

Walikubaliana siku hiyohiyo. Kamera igeuzwe, itazame kibanda cha magunia. Bango liwekwe, kila apitaye ajue kuna kamera. Picha za zamani zifutwe. Runinga iwe ofisini, chumba kifungwe, na picha zitazamwe na kamati tu, pakitokea wizi. Taratibu zote zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hawa alichaguliwa kwenye kamati, akakabidhiwa ufunguo.

Wezi hawakuonekana tena. Wale wanawake wawili walirudi, na nyimbo zikarudi nao. Ukipita barabarani asubuhi utazisikia kabla hujauona mto.

Juzi Selemani alimkuta mkewe nje ya ofisi. "Mama Tatu, nifungulie mara moja. Nataka kuona kwenye runinga kama lori limefika."

"Pameibiwa kitu?"

"Hapana."

"Basi barabara ile pale, Baba Tatu. Nenda ukalitazame kwa macho yako."

Selemani alimtazama mkewe, akatazama kufuli. Akacheka mpaka machozi, kisha akaondoka kwa miguu kwenda barabarani.