Video ya Valéry

Kila nikitoka shule huenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba, karibu na soko la Jabe. Baba yangu, Rachidi, huwatilia watu nyimbo na video kwenye simu zao. Mimi Waridi, mwenye miaka kumi na miwili, humsaidia, na siku zile nilijiona fundi kumpita yeye.

Jumatatu moja baba alikuwa ameenda kuswali alasiri. Akaja Mama Valéry wa mtaa wa Nyakabiga, macho yamevimba kwa kulia. Valéry, mwanawe wa pekee, alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Alinipa kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu yenye video ya Valéry, iliyorekodiwa na jirani.

"Haifunguki kwa telefone yangu, mutoto wangu. Na jirani alishaifuta kwake. Iko hii moja tu."

Simu yake ilikuwa ndogo, ya vitufe. Baba alikwisha kunifundisha kwamba faili la video ni kama kapu lililobeba picha na sauti pamoja. MP4 ni kapu la simu kubwa. Simu ndogo za zamani, nyingi hupokea 3GP tu, kapu dogo linalobeba picha ndogo na nyepesi. Kuigeuza video kutoka MP4 iwe 3GP huchukua dakika ishirini kwenye kompyuta yetu kongwe.

Nami rafiki zangu walikuwa wakiningoja turuke kamba. Basi nikafuta "mp4" mwishoni mwa jina la faili, nikaandika "3gp": jina jipya, kapu lile lile. "Tayari, Mama," nikasema, bila hata kuijaribu.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake Mama Valéry alirudi, simu mkononi, video bado haifunguki. Safari hii baba alikuwepo.

"Waridi, uliigeuza vizuri?"

"Ndiyo, Baba. Telefone yake ndiyo imezeeka."

Baba akaniamini. Mama Valéry akaketi kwenye kigoda, akatazama barabarani.

"Mi siko na uwezo wa kununua ingine," alisema. "Muifute tu, munitilie nyimbo za kanisa. Kubeba mutoto nisiyeweza kumuona, inaniumiza."

Baba akaingiza kadi kwenye kompyuta. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya.

"Apana, Baba, usifute! Mi niliandika tu 3gp kwenye jina. Sikugeuza kitu!"

Baba akaondoa mkono kwenye kipanya. Hakunipiga, hakunikemea. Alianza kazi upya, nasi watatu tukakaa dakika ishirini tukiitazama kompyuta. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Picha ilitoka ndogo, yenye ukungu, lakini sauti ilikuwa safi: "Mama, kula kwanza. Mi nitakula nikirudi." Mama Valéry akaiweka simu sikioni, akalia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alipoondoka, baba alinigeukia.

"Waridi, uvivu wako nimeutengeneza kwa dakika ishirini. Lakini uongo wako ulikaribia kumzika Valéry mara ya pili. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama unaogopa."